Uchovu Usiokwisha na Kirusi cha Panya: Nini Kilithibiti na Nini Hakikuthibiti



Tumeulizwa na zaidi ya familia moja, Unguja na Pemba, kuhusu kipande cha video kinachozungushwa kwenye makundi ya simu. Inaelezwa humo kwamba mtaalamu wa Kimarekani aligundua kirusi cha panya ndani ya damu za watu wenye uchovu usiokwisha, kwamba kirusi hicho kimeenezwa kwa chanjo, na kwamba alipotaka kusema akafungwa mdomo. Mmoja wa waulizaji ni baba ambaye binti yake, mwalimu wa skuli, alipata homa kali mwaka jana na tangu hapo hajarudi katika hali yake. Akifua nguo chache leo, kesho na kesho kutwa hanyanyuki kitandani. Baba anauliza mambo matatu. Jee, kirusi hicho kipo? Jee, anunue dawa ya "kusafisha virusi" anayouziwa na mtu kwa njia ya simu? Na jee, wadogo wa binti huyo wazuiliwe chanjo?

Jawabu kwa ufupi ni hili: kirusi kipo, lakini kilizaliwa maabara na hakikuthibiti kwa mgonjwa yeyote. Dawa asinunue. Watoto wapate chanjo zao. Lakini jawabu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha kuiona video, kwa sababu kisa hicho nusu yake ni kweli, na uongo uliochanganywa na kweli ni mgumu kuutoa kuliko uongo mtupu. Basi tukieleze tangu mwanzo.

Maradhi yenyewe

Madaktari huyaita ME/CFS, na sisi hapa tutayaita uchovu sugu. Jina hili haliwatendei haki wagonjwa, kwani kila mtu huchoka. Mvuvi aliyerudi dago huchoka, mama anayenyonyesha huchoka, kisha wakalala na wakaamka na nguvu. Mgonjwa huyu hulala na kuamka kama hakulala. Dalili yake kubwa ni kwamba kazi ndogo, ya mwili au ya akili, humwangusha, mara nyingi siku moja au mbili baadaye, na kuanguka huko huweza kuchukua siku kadhaa au wiki. Akisimama, moyo humwenda mbio na kichwa humzunguka. Akisoma ukurasa mmoja, hajui alichosoma. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, na hali hiyo huhesabiwa kuwa maradhi haya ikishadumu miezi sita au zaidi.

Hakuna kipimo cha damu kinachoyathibitisha, wala dawa inayoyaponya. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Institute of Medicine ya Marekani lilikadiria kwamba Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanayo, na wengi wao hawajawahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wanayo. Jopo hilo lilisema wazi kuwa haya ni maradhi ya mwili, na mgonjwa hajifanyi.

Tunalitanguliza hili kwa sababu huku kwetu mgonjwa wa namna hii hupewa moja ya majina mawili: mvivu, au kapagawa. Huko Marekani na Uingereza nako aliambiwa kwa miaka mingi kwamba ni mawazo yake tu. Asiyelifahamu hilo hawezi kufahamu kwa nini khabari ya mwaka 2009 ilipokewa kwa machozi.

Khabari ilivyoanza

Mwaka 2006 watafiti wa Cleveland na San Francisco walikuwa wakichunguza saratani ya tezi dume. Ndani ya baadhi ya vipande vya nyama ya saratani walikuta alama za kirusi ambacho hakikuwa kikijulikana kwa binadamu, kinachofanana sana na kirusi kinachowatia panya saratani ya damu. Wakakipa jina la XMRV. Kirusi hicho ni wa ukoo mmoja na wa Ukimwi kwa jinsi kinavyofanya kazi: kikiingia ndani ya seli, hujinakili na kujiandika katika vinasaba vya seli ile, na hapo hakitoki tena. Ndiyo maana jina lake lilitisha.

Tarehe 8 Oktoba 2009 jarida la Science, ambalo ni miongoni mwa majarida makubwa ya elimu duniani, lilichapisha utafiti ulioongozwa na taasisi moja ya Reno, katika jimbo la Nevada, iitwayo Whittemore Peterson Institute. Kiongozi wa utafiti katika taasisi hiyo alikuwa Judy Mikovits. Walisema wamepima damu za wagonjwa 101 wa uchovu sugu na wamekikuta kirusi kwa 68. Kwa watu wazima 218 walikikuta kwa 8 tu. Yaani wagonjwa wawili katika kila watatu, na chini ya watu wanne katika kila mia ya wazima.

Tumfikirie mgonjwa aliyelala kitandani miaka kumi, mumewe amechoka naye, daktari amemwambia akafanye mazoezi, kisha anasoma khabari hiyo. Hatimaye maradhi yake yana sababu, na sababu hiyo ina jina. Wako waliokwenda kununua vipimo vya kirusi hicho, vilivyoanza kuuzwa kabla ya utafiti mwengine wowote kuyathibitisha matokeo yale. Wako walioanza kumeza dawa za Ukimwi, ambazo zina madhara yake, ilhali hawana Ukimwi. Na kwa kuwa watu wazima nao walisemekana kuwa nacho, hofu ikaingia katika akiba za damu: mwaka 2010 nchi za Canada, Australia, New Zealand na Uingereza ziliwazuia wagonjwa wa uchovu sugu kuchangia damu, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukafuata.

Wengine walipopima

Kanuni ya elimu ya maabara ni kwamba alichokiona mmoja, wengine nao wakione wakifuata njia hiyo hiyo. Januari 2010 watafiti wa London walipima wagonjwa 186 na hawakukikuta kwa hata mmoja. Waholanzi walipima 32, hawakukikuta. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kikapima, nacho hakikukikuta. Watu wa Reno walijibu kwamba wenzao hawakupima kwa njia iliyo sawa, na kwa wakati ule jibu hilo lilistahiki kusikilizwa.

Kisha Agosti 2010 yakatoka matokeo mengine, yaliyowachanganya watu zaidi. Watafiti wa serikali ya Marekani, akiwemo Harvey Alter ambaye baadaye, mwaka 2020, alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya homa ya ini aina ya C, walisema wamekuta virusi vinavyokaribiana na vile vya panya kwa wagonjwa 32 kati ya 37, na kwa wachangia damu 3 kati ya 44. Havikuwa XMRV hasa, bali jamaa zake. Mtu wa kawaida hapo alisema: basi imethibiti, mashahidi ni wawili.

Lakini wapo waliouliza suali jengine. Maabara zote hizi zimejaa panya. Humo mna panya hai, mna seli za panya, na hata baadhi ya vimiminika vya kipimo hutengenezwa kwa kutumia kingamwili za panya. Na kipimo kinachotumika, PCR, kazi yake ni kuchukua kipande kidogo mno cha kinasaba na kukizidisha mara mamilioni mpaka kionekane. Uzuri wa kipimo hicho ndio hatari yake, kwani kikidondokewa na chembe isiyoonekana ya panya, nayo huzidishwa mamilioni. Desemba 2010 makala kadhaa zilitoka kwa pamoja zikionyesha kwamba sampuli zilizoonekana kuwa na virusi mara nyingi zilikuwa na vinasaba vya panya mwenyewe. Damu ya binadamu haina sababu ya kuwa na vinasaba vya panya. Kama vimo, basi vimeingia humo maabara.

Sanad zilipokutana

Waliosoma mustalah ya hadithi madrasa watakifahamu haraka kilichofuata. Khabari ikija kwa njia kumi, mtu wa kawaida husema imethibiti mara kumi. Mwanachuoni hatosheki na idadi. Anazifuata sanad moja moja mpaka ajue zinakutana kwa nani, na zikikutana zote kwa mpokezi mmoja mwenye kasoro, kwake zile kumi ni moja, nayo ni dhaifu.

Watafiti wa Uingereza walifanya jambo la mfano huo. Kirusi kinachopita kwa watu, kutoka huyu kwenda kwa yule, hubadilika kidogo kidogo, na ukivilinganisha virusi vya wagonjwa wawili walio mbali utaona tofauti zake. Hivi vya XMRV vilivyosemekana kutoka kwa wagonjwa mbali mbali vilifanana mno, kana kwamba vimetoka mahali pamoja juzi. Tena vilikuwa na tofauti chache kuliko vilivyokutwa ndani ya seli za aina moja tu, zinazoitwa 22Rv1, ambazo hufugwa katika maabara nyingi duniani kwa ajili ya kuchunguza saratani ya tezi dume. Njia zote zilirudi kwa mpokezi mmoja, na mpokezi huyo ni chupa ya maabara.

Mwaka 2011 wataalamu wa Taasisi ya Saratani ya Marekani, Vinay Pathak na wenzake, pamoja na John Coffin, walikwenda mbele zaidi wakapata hata mahali na wakati kilipozaliwa. Miaka ya mwanzo ya 1990 kipande cha saratani ya tezi dume ya mgonjwa mmoja kilipandikizwa katika panya ili kiendelee kuishi, kikahamishwa kutoka panya huyu kwenda kwa mwengine, na mwisho zikapatikana seli za 22Rv1. Sampuli za mwanzo za kipande kile zilikuwa zimehifadhiwa. Zilipopimwa, hazikuwa na XMRV. Za baadaye zilikuwa nacho. Ndani ya vinasaba vya wale panya mlikuwa na vipande viwili vya virusi vya kale, na katika kuhamishwa huko viliungana vikazaa kirusi kipya. Uwezekano wa vipande hivyo viwili kuungana pale pale, kwa namna ile ile, mara ya pili mahali pengine ni mdogo kiasi cha kutohesabika.

Basi alama za mwaka 2006 zilitoka wapi? Mtafiti wa Cleveland mwenyewe, Robert Silverman, alizirudia sampuli zake akakuta ziliingiliwa na uchafu wa maabara. Alikuwa pia mshirika katika utafiti wa 2009, na Septemba 2011 aliiondoa sehemu yake katika makala ile. Mwezi huo huo maabara tisa, zikiwemo zile zilizodai kukiona, zilipewa damu zilizofichwa majina, bila ya kuambiwa ipi ya mgonjwa na ipi ya mzima. Saba hazikuona kitu. Mbili zilizosema zimeona zilikiona kwa wazima sawa na kwa wagonjwa, na damu moja ikipimwa mara mbili ilitoa majibu mawili. Desemba 2011 jarida la Science likaifuta makala yote, likitaja udhaifu wa usimamizi wa majaribio na maelezo muhimu yaliyoachwa chini ya moja ya picha zake. Makala ya Harvey Alter na wenzake nayo iliondolewa mwezi huo huo, na waliyoiandika ndio waliyoiondoa.

Bado wapo waliosema haki haijatendeka. Serikali ya Marekani ikagharamia utafiti wa mwisho chini ya Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia, na akashirikishwa Mikovits mwenyewe na wenzake waliodai kukiona, kila mmoja apime kwa njia anayoiamini. Wagonjwa walikuwa 147 na wazima 146. Matokeo yalitoka Septemba 2012: kirusi hakikukutwa kwa yeyote. Kingamwili zilizofanana na za kirusi hicho zilionekana kwa wagonjwa tisa na kwa wazima tisa. Mikovits alikuwepo yalipotangazwa na akayakubali hadharani.

Kuhusu yaliyompata

Video inasema alifungwa ili anyamaze. Yaliyo katika kumbukumbu za wazi ni haya: aliachishwa kazi na taasisi ya Reno Septemba 2011, akakamatwa Novemba kwa tuhuma za kuchukua daftari na mali za taasisi, na baadaye mashtaka ya jinai yakaondolewa. Hatumwiti mwizi, kwani hakuhukumiwa. Lakini hakunyamazishwa pia. Baada ya kukamatwa kwake alishirikishwa katika utafiti mkubwa juu ya madai yake, akapewa damu apime kwa mikono yake. Ilikuwa mwaka 2020, wakati wa korona, alipotokea katika filamu ya Plandemic akisema mengi juu ya chanjo na barakoa, mengine yakiwa hayana ushahidi na mengine ni kinyume na ushahidi uliopo. Vipande vinavyozunguka sasa huchanganya mambo ya wakati huo na kisa cha 2009. Ama kwamba XMRV kimeenea kwa watu kwa njia ya chanjo, hapana utafiti uliolithibitisha hilo, na kirusi ambacho hakikukutwa kwa watu hakiwezi kusemwa kuwa kimeenezwa kwao.

Virusi huacha maradhi, hilo ni kweli

Tusije tukavuka mpaka wa upande wa pili tukasema virusi havihusiki na maradhi ya muda mrefu. Vinahusika, na ushahidi mwengine uko mlangoni kwetu. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu aliyepinda kwa maumivu. Homa yake hupita kwa siku chache, lakini wapo wanaobaki na viungo vinavyouma kwa miezi na hata miaka. Uganda, daktari Denis Burkitt aliandika juu ya saratani ya taya za watoto, na kutokana na uvimbe wa watoto hao kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa mwaka 1964. Kirusi hicho hicho, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 juu ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni kumi waliofuatiliwa kwa miaka ishirini, kilionekana kuongeza mara 32 uwezekano wa kupata maradhi ya neva yaitwayo multiple sclerosis. Utafiti huo ulikuwa wa namna ya kuaminika, kwa kuwa damu zilikuwa zimehifadhiwa kabla watu hawajaugua, na kirusi kilionekana kutangulia maradhi.

Na uchovu sugu wenyewe mara nyingi huanza baada ya maambukizo. Katika mji wa Dubbo, Australia, watu 253 waliougua maambukizo matatu tofauti walifuatiliwa. Baada ya miezi sita, 28 kati yao walikuwa na uchovu sugu. Haikuwa muhimu ni mdudu gani aliyewaingia. Muhimu ilikuwa ni ukali wa homa ya mwanzo. Baada ya korona tumeona mfano wake dunia nzima. Kwa hiyo binti wa muulizaji anaposema hali yake ilianza na homa, asipingwe. Huenda homa ndiyo iliyowasha, kisha kilichowasha kikaondoka na mwili ukabaki umevurugika, kwa namna ambayo madaktari hawajaifahamu vizuri.

Na chanjo hapa ziko upande wa mgonjwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, wanayopewa watoto wachanga, inazuia kirusi kinacholeta saratani ya ini. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018, inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Anayemzuia binti yake chanjo hiyo kwa kuogopa kirusi cha video anamwacha wazi kwa kirusi cha kweli.

Afanye nini mwenye mgonjwa?

Ampeleke hospitali, na asikubali kuambiwa ni uchovu sugu kabla ya kupimwa yanayotibika. Upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, Ukimwi, kichocho ambacho visiwani tunakijua vizuri, na huzuni kubwa ya moyo, yote haya huchosha na yote yana tiba. Yakishaondolewa hayo, mgonjwa aachiwe apime nguvu zake mwenyewe: afanye kidogo na apumzike kabla hajaanguka. Asilazimishwe kutoka jasho eti apate nguvu. Uingereza ilikuwa ikiwapangia wagonjwa hawa mazoezi ya kuongezwa kila wiki, na Oktoba 2021 taasisi yake ya miongozo ya tiba, NICE, iliuondoa ushauri huo.

Muuza dawa ya kusafisha virusi aulizwe swali moja tu: kirusi gani, na kimepimwa wapi? Pesa hizo bora zinunue chakula kizuri na zilipe mtu wa kumsaidia mgonjwa kazi za ndani.

Ama ibada zake, asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa kulala, na thawabu zake hazipungui. Tunawaomba wazee na waume wasimhesabie mgonjwa siku aliyosimama kuwa ni ushahidi wa siku aliyokaa, kwani kupanda na kushuka ndiyo tabia ya maradhi haya. Kuhusu funga, akidhurika atakula. Wapo wanaopata nafuu baada ya mwaka au miaka, kwa hiyo asiharakishe kujihesabu kuwa ni asiyetarajiwa kupona. Aweke hesabu ya siku zake azilipe akipata nguvu, hata kwa kuzitawanya katika miezi ya baridi. Ikiwa daktari muaminifu ameona hakuna matumaini ya kuweza kufunga, hapo ndipo atoe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Wallaahu a'lam.